Maumivu Yameisha, Jeraha Bado Lipo

Hotuba ya mtaalamu wa fiziotherapia kwa waendesha baiskeli za milimani jijini Dodoma, mwanzoni mwa kiangazi. Imenyooshwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.

Mbukwenyi!

Nimeona. Waliojibu ni wenyeji. Waliotazamana ni wale waliohamia na wizara. Karibuni sana, mtazoea, na vumbi pia mtalizoea.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, mafundi wetu, kaka na dada zangu wa baiskeli. Nilialikwa nizungumzie mazoezi ya kujenga mwili. Baadaye mwenyekiti akanipigia simu akasema, "Na majeraha kidogo, maana watu wamechubuka." Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya nyumba moja. Anayefanya mazoezi anaupa mwili mzigo, anausubiri ujijenge, kisha anaongeza. Aliyeumia anafanya vivyo hivyo, ila yeye anaanzia chini zaidi. Kwa hiyo msisubiri nifunge mada ya kwanza ndipo nifungue ya pili. Zitakuja zimechanganyika, jinsi zinavyokuja kliniki.

Watu hudhani anayeumia kila mara ni mzembe asiye na mazoezi. Wengi ninaowapokea mimi ni kinyume chake. Wana pumzi, wana hamu, alfajiri wako njiani. Tatizo lao ni kwamba pumzi imetangulia na viungo vimebaki nyuma.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Ukianza mazoezi leo, ndani ya wiki moja au mbili maji ya damu yako yanaongezeka, na moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Wiki ya tatu unapanda Chimwaga bila kuishukia baiskeli, unajiona mtu mpya. Misuli nayo inaitika: nguvu ya wiki za mwanzo inatokana na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamsha misuli uliyokuwa nayo tayari, na unene wa misuli unafuata baadaye. Lakini kano, zile nyuzi ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa, zina damu kidogo na zinajijenga polepole. Zinataka miezi. Mfupa vilevile unataka miezi.

Chukueni shamba la Mgogo. Uwele unaopandwa mvua za Desemba unavunwa baada ya miezi mitatu au minne. Muhogo uliopandwa pembeni yake bado. Na mzabibu uliochomekwa siku hiyo hiyo haukupi zabibu za maana mpaka mwaka wa pili au wa tatu. Sijamwona mkulima anayeudai mzabibu zabibu kwa sababu uwele umeshaiva, ila nimewaona waendesha baiskeli wengi wanaodai goti lao libebe kile ambacho mapafu yao yameshakiweza.

Sheria hiyo hiyo inatawala jeraha. Maumivu yana kalenda yake, na nyama iliyochanika ina kalenda yake. Kifundo cha mguu kilichoteguka kinaweza kuacha kuuma baada ya wiki mbili tatu, ilhali kano zake, zile zinazofunga mfupa kwa mfupa, zinaendelea kujipanga upya kwa miezi mingi. Kati ya siku maumivu yalipoisha na siku jeraha litakapoisha kuna kipindi ambacho hakina kengele. Humo ndimo watu wanaumia tena. Nimekuja kuzungumza habari za kipindi hicho. Mengine yote ni nyongeza.

Tuje nyumbani. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na wastani wa mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 600 tu. Kipindi hicho makorongo yanapitisha maji, njia za Ntyuka zinateleza, baiskeli nyingi zinakaa ndani. Ikifika Mei njia zimekauka, hewa imepoa, kila mtu anatoka kwa kishindo. Ikifika Juni mtu huyo huyo anataka kwenda Hombolo na kurudi siku moja, huku akipita kwenye mchanga na kokoto. Miezi mitano ndani, wiki nne nje, halafu Hombolo. Goti likilalamika anasema ni umri.

Ipo kanuni maarufu ya kutoongeza zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Ushahidi wake si mzito kama watu wanavyodhani, na kwa anayeanza na kilomita chache mno haina hata maana. Bado naipenda kwa sababu inazuia wazimu wa Juni. Mimi ningeongeza jambo moja: usiongeze umbali, vilima na kasi katika wiki moja. Chagua kimoja. Na kila baada ya wiki tatu hivi, punguza wiki moja mwili upate nafasi ya kupokea ulichokwisha kuupa.

Kuhusu kasi, wengi wenu mnaendesha kwa nguvu mno siku za kawaida, na siku ya mashindano hamna cha kuongeza. Stephen Seiler, mtafiti wa Kimarekani anayefanya kazi Norway, alichunguza jinsi wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu wanavyogawa mazoezi yao, akakuta kwamba takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya mwendo mwepesi. Mwepesi maana yake nini kwa asiye na saa ya kupima mapigo ya moyo? Maana yake unaweza kumsimulia mwenzako jambo zima bila kukatisha sentensi kutafuta hewa. Ukiona mnaendesha wawili na hakuna anayeongea, aidha mmegombana au mnakimbizana. Kwa upepo wetu wa Julai hadi Septemba, toka ukiukabili na urudi ukikusukuma; anayefanya kinyume anajikuta mbali na nyumbani, amechoka, na upepo wote uko usoni.

Sasa nguvu. Hapa sitaki mtu aniambie gym ni ghali. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, na kina mama waliopo hapa wameibeba kabla sijazaliwa. Simama, ndoo iko mbele ya miguu, sukuma makalio nyuma, mgongo umenyooka, inua kwa mapaja na makalio, shusha taratibu. Zoezi hilo linajenga msuli mkubwa wa makalio, ambao ukiwa dhaifu goti linaangukia ndani kila unapokanyaga. Ongeza kuchuchumaa na kusimama, kupanda kwenye kiti au tofali imara kwa mguu mmoja mmoja, pushapu, na kujishikilia juu ya viwiko mwili ukiwa umenyooka. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Kaka zangu mnaotazamana kwa kuwa nimetaja ndoo, jueni kuwa kuendesha baiskeli peke yake hakuijengi mifupa, kwa sababu siti inabeba uzito wako. Waendesha baiskeli wa barabarani wa kiwango cha juu wamekutwa na mifupa ya kiuno na mgongo iliyo dhaifu kuliko ya wanamichezo wanaokimbia. Kuinua vitu vizito ni sehemu ya mchezo huu.

Nadharia ikae pembeni kidogo, tuzungumze goti, maana ndilo linalonipa kazi.

Ukizungusha pedeli mara 80 kwa dakika, saa moja ni mizunguko 4,800 kwa kila mguu. Kosa dogo la kipimo linarudiwa mara hizo zote. Siti ikiwa chini mno, goti linakunjwa kupita kiasi na pia ya goti inabanwa. Maumivu yanakuja mbele. Siti ikiwa juu mno, kiuno kinayumba kutafuta pedeli, na maumivu yanakuja nyuma ya goti. Wengi wetu tulijifunza kwenye baiskeli kubwa ya baba, Phoenix, tukipitisha mguu chini ya bomba la juu. Tulipokua tukashusha siti ili miguu yote miwili ikanyage chini tukisimama. Mazoea hayo ndiyo yanayoumiza. Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke wote bila kiuno kuyumba. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo, kama nyuzi 25 hadi 35. Kwenye miteremko yenye mawe shusha siti upate nafasi ya kusogeza mwili, lakini ukifika tambarare irudishe. Wasio na siti ya kushuka kwa kitufe wachore alama kwenye bomba kwa kalamu ya wino mzito. Ni mbinu ya shilingi mia tano.

Kisha gia. Vijana wanapenda gia nzito kwa sababu inaonekana ya kiume. Goti halina habari za uanaume. Mzunguko wa 80 hadi 90 kwa dakika unapunguza nguvu inayopita kwenye goti kwa kila mkanyago. Hesabu mguu wa kulia kwa sekunde 15. Ukipata 20 au zaidi kidogo uko sawa. Mchangani ni hivyo hivyo: gia nyepesi, makalio nyuma kidogo, mikono ilegee, zungusha bila kusita, na usijaribu kuuelekeza usukani kwa mabavu. Upepo wa tairi ukiwa mwingi mno baiskeli inazama korongoni. Upunguze kiasi, lakini usiumalize, maana na mbigili nazo zinakusubiri.

Goti likishaanza kuuma, je, unaacha? Hapana, isipokuwa limevimba, linakwama, au linakuachia ghafla. Hapo unakwenda kuonwa. Nje ya hayo, tunatumia kipimo cha sifuri hadi 10. Maumivu yasiyozidi 3 wakati wa zoezi, yanayorudi mahali pake kufikia asubuhi ya pili, yanavumilika. Yakizidi, punguza mzigo. Kuuegemea ukuta magoti yamekunjwa na kukaa hapo sekunde 30 hadi 45, mara kadhaa, kunatuliza kano ya chini ya pia ya goti kwa watu wengi huku kukiipa kazi. Lala wiki mbili bila kufanya chochote, goti litanyamaza, kisha siku ya kwanza njiani litakuuliza ulikuwa wapi. Mwaka 1998 daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, na wenzake walionyesha kwamba kano ya kisigino iliyouma kwa muda mrefu inaweza kutibiwa kwa kuipa mzigo, kushusha kisigino taratibu kila siku kwa wiki 12. Wiki 12, ndugu zangu, hata kama maumivu yamepungua wiki ya 5. Ndiyo kalenda niliyokuwa nawaambia.

Mikono sasa. Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete baada ya safari ndefu ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kiganja na usukani. Badilisha mshiko mara kwa mara, usiegemee kiganja, inua usukani kidogo, vaa glavu zenye sponji. Ganzi isipoondoka kwa siku kadhaa, au kidole kikikosa nguvu, njoo.

Lakini jambo ambalo ningetaka mlikumbuke hata mkisahau mengine ni hili la kifundo cha mkono. Baiskeli inateleza kwenye kokoto, mtu ananyoosha mkono kujikinga, anatua kwa kiganja. Mkono unauma kiasi, hauvimbi sana, vidole vinacheza. Anasema umeteguka tu, anafunga bandeji, Jumatatu yuko kazini. Chini ya dole gumba, kwenye kile kishimo kinachojitokeza ukilinyoosha, kuna kimfupa kidogo ambacho huvunjika kwa anguko la namna hii. Ubaya wake ni kwamba damu inakiingia kutoka upande wa mbele. Kikikatika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu, kikashindwa kuunga, hata kikafa, na mtu akabaki na kifundo kinachouma na kuchakaa mapema. Ubaya wa pili: picha ya eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa. Kwa hiyo ukibonyeza kishimo hicho kikauma baada ya kuanguka, nenda hospitali. Picha ikiwa safi na maumivu yakaendelea, mkono ufungwe bila kucheza na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Usikubali kwenda kukandwa. Na asikwambie mtu kwamba kama vidole vinacheza basi hakuna mvunjiko. Usemi huo umewaacha watu wengi na mikono mibovu.

Naam, kukandwa. Naona mama mmoja pale ametikisa kichwa. Mama yangu, sipingi mikono ya wazee wetu. Msuli uliokaza, mgongo uliochoka, maji ya moto na mafuta vinasaidia, hata mimi nakandwa. Ninachopinga ni kuikanda na kuichua sehemu iliyoumia jana, ambayo bado inavuja damu ndani. Joto na kusugua vinaongeza uvimbe. Paja lililogongwa na usukani likachuliwa kwa nguvu siku za mwanzo linaweza hata kuota mfupa ndani ya msuli. Siku mbili tatu za mwanzo: inua kiungo, kifunge kwa bandeji ya mpira isiyobana mno, kitembeze ndani ya mipaka ya maumivu. Barafu za mfuko za dukani zinatuliza maumivu. Zizungushie kitambaa, dakika 10 hadi 15. Msizitarajie zaidi ya hapo. Daktari wa Marekani aitwaye Gabe Mirkin ndiye aliyeieneza mwaka 1978 ile kanuni ya kupumzisha, barafu, kubana na kuinua, na miaka mingi baadaye yeye mwenyewe akaandika kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha uponaji.

Na vidonge vya maumivu kama diklofenaki je? Msimeze ili mkaendeshe. Kwanza mnazima kengele iliyobaki. Pili, dawa za jamii hiyo zikikutana na mwili uliokauka maji kwa jua la Oktoba zinaweza kuumiza figo.

Kuhusu kifundo cha mguu, madaktari wa Canada waliweka kanuni rahisi mwaka 1992 ambayo bado inatumika duniani: kama huwezi kutembea hatua nne, au ukibonyezwa mfupa wa kifundo kwa nyuma unauma, unahitaji eksirei. Msibishane njiani. Hesabu hatua.

Mtulinga, yaani ule mfupa wa juu ya kifua unaoelekea begani, ndio mvunjiko wa kawaida kabisa kwa waendesha baiskeli. Mingi huunga yenyewe mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, na khanga inafanya kazi hiyo vizuri tu mpaka mfike hospitali. Kwa mtu mzima tegemeeni wiki 6 hadi 12. Vijana hunijia na habari za Tom Pidcock wa Uingereza, ambaye aligongwa na gari akiwa mazoezini mwishoni mwa Mei 2021, mtulinga ukavunjika, na tarehe 26 Julai mwaka huo huo akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Ni kweli kabisa. Alifanyiwa upasuaji akawekewa chuma, alikuwa na madaktari wake, na alianza kwa kukanyaga baiskeli isiyotembea, ndani, mahali ambapo hakuna jiwe la kumwangusha. Mguu na moyo wake havikuvunjika, kwa hiyo viliendelea na kazi. Mtulinga uliachiwa kalenda yake, na chuma kiliushikilia. Anayetaka kumwiga amuige na hapo kwenye kukanyaga ndani.

Jambo hilo la kuendelea na kazi kwa kile kisichoumia watu hawalijui vya kutosha. Utafiti wa mwaka 1984 huko Marekani uliwafuatilia wanamichezo waliokuwa na mazoezi ya kutosha wakaacha kabisa: uwezo wao wa juu wa kutumia hewa ulishuka kwa asilimia 7 hivi ndani ya siku 21, na mwishowe asilimia 16. Ni hasara, lakini si maangamizi. Aliyelala wiki moja kwa mafua hana haja ya kulia. Anayekaa miezi miwili na plasta ngumu, ile P.O.P., ndiye wa kujipanga. Fundi mzuri anaweza kuchomelea stendi pana, imara, inayoinua gurudumu la nyuma, ukakanyagia uani. Aliyeumia mguu mmoja afanye mazoezi ya nguvu kwa mguu usioumia, kwa sababu ubongo unahamisha sehemu ya nguvu hiyo upande wa pili. Sitanii: lilichapishwa kutoka Chuo Kikuu cha Yale tangu 1894 na limethibitishwa mara nyingi baadaye. Na usivute sigara mfupa ukiwa unaunga. Sigara inachelewesha mfupa, hilo halina mjadala.

Nakuja kwenye kichwa, na hapa utani unakoma. Helmeti inapunguza sana kuvunjika kwa fuvu. Mtikisiko wa ubongo haiuzuii sawasawa, kwa sababu ubongo unatikisika ndani ya fuvu hata likiwa zima. Mwenzenu akianguka na kugonga kichwa, akawa anauliza jambo lile lile mara tatu, ametoa macho, anayumba, anasema taa zinamuumiza, safari yake imeisha siku hiyo. Hata akiapa yuko sawa. Mkiona anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia haamki vizuri, anapata degedege, mboni za macho hazilingani, au anatokwa maji masafi puani au masikioni, ni hospitali sasa hivi. Benjamin Mkapa au ya mkoa, iliyo karibu. Akilalamika shingo, msimnyanyue kwa kumshika makwapa mkampakia bodaboda. Mshikilieni kichwa kisicheze, tafuteni gari.

Baadaye, zile habari za kumfungia mtu chumba cha giza wiki nzima zimepitwa na wakati. Mapumziko ya saa 24 hadi 48, kisha kutembea, kisha baiskeli isiyotembea, kupanda hatua moja moja, kila hatua angalau siku nzima, na dalili zikizidi unarudi nyuma moja. Kurudi njia ya mawe ni mpaka daktari aseme. Helmeti iliyogonga mwamba inatupwa, hata kama haionyeshi ufa. Najua bei yake. Inatupwa.

Michubuko haraka haraka: maji safi mengi na sabuni, toeni mchanga wote, funikeni. Si dawa ya mswaki, si majivu. Na mwiba au kidonda chenye udongo ni mlango wa pepopunda. Kama chanjo yako ya mwisho imepita miaka mitano na kidonda ni kichafu, au hukumbuki ulichanjwa lini, pita zahanati.

Chakula hapa kwetu hakina tatizo la upatikanaji, tatizo ni dharau. Aliyeumia anahitaji protini zaidi, si pungufu, ingawa hatembei. Kunde, choroko, karanga, mayai, dagaa, maziwa. Ugali wa uwele na mlenda wenye karanga za kutosha usiuonee aibu mbele ya wageni. Safari ikizidi saa moja na nusu beba kitu cha wanga, ndizi au zabibu kavu, na maji yenye chumvi kidogo. Dada zangu, baiskeli ikizidi chakula siku za mwezi zinaweza kukatika, na hapo mifupa inadhoofika. Msiseme ni bahati ya kupumzika, njooni mseme.

Sasa swali ambalo mzee amenirushia tangu mwanzo, kwamba nitajuaje kipindi kisicho na kengele kimeisha? Mzee wangu, kwa kupima, maana hisia zinadanganya. Mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake. Simama mguu mmoja, inuka kwa vidole mpaka uchoke, hesabu, rudia mwingine. Ukipata 25 kulia na 14 kushoto, kushoto bado, hata kama hakuumi. Panda tofali kwa mguu mmoja, shuka taratibu, mtu akutazame kama goti linaangukia ndani. Ruka kwa mguu mmoja mbele, pima kwa hatua. Kwa mkono, mvunjiko ukishathibitishwa umeunga, kaa mkao wa pushapu dakika moja, kisha jiangushie ukutani kwa viganja mara kadhaa, kwa sababu breki kwenye mteremko wa mawe inataka zaidi ya hapo. Ukifaulu, anza barabara ya lami au vumbi lililoshindiliwa, kisha njia laini, na mwisho kabisa mawe na miruko. Na njia ya kwanza ya mawe iwe unayoijua, asubuhi, ukiwa hujachoka, pamoja na mtu asiye na haraka.

Fundi ananionyesha saa. Haya. Spana zimeshaletwa, baiskeli zipangwe ukutani upande wa kivuli. Kila mmoja apande akiwa na viatu anavyoendeshea. Waliokuja na ndala wakabadilishe kwanza, kwa sababu unene wa soli unabadilisha kipimo cha siti. Kalamu za alama ninazo mbili, tutapokezana. Tunaanza na wenye magoti, halafu wenye ganzi.